Sahihi Moja Katika Ngazi ya Nyuma

Tarehe 6 Februari

Mdogo wangu,

Natumai barua hii itakukuta umekula na umelala, maana nakujua, ukiachwa na hizo jenereta zako unasahau yote mawili. Sisi huku tupo. Mama hajambo, goti lake ndilo lile lile, halizidi wala halipungui. Anashinda dirishani akiangalia nani kaingia na nani katoka, na jioni nikirudi kazini ananisomea taarifa nzima ya mtaa kama mtangazaji wa redio. Huko kiwandani tumemaliza kufunga vitabu vya hesabu vya shule, vidole vyangu vimekuwa gundi tupu. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu wewe hupatikani mpaka gari la mahitaji likufikishe mjini, na mimi nikizungumza katika vyumba hivi viwili Mama anasikia hata nikinong'ona, kisha halali.

Sasa jambo lenyewe. Jumatatu tulikuta tangazo limebandikwa mlango wa chini. Mwenye nyumba anataka kubomoa upande wetu wote wa ngazi ya nyuma, fleti zote kumi, ajenge upya, na sisi tuhame. Hakuja mwenyewe. Sijui kama amewahi hata kuzipanda ngazi zetu. Alimtuma wakala wake, kijana nadhifu anayetabasamu hata ukimkanyaga, na tumeshambatiza Tabasamu.

"Mama zangu, baba zangu, hakuna anayefukuzwa," alisema. "Ni makubaliano tu. Unatia sahihi, tunakutafutia pa kukaa pengine."

Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya pili, yule tuliyekuwa tukimwita Kengele tulipokuwa watoto, na bado ni Kengele, alituita akatusomea mikataba yetu ya zamani. Maadamu kila mlango wa ngazi una mpangaji wake, na mtu anaishi ndani, mwenye nyumba hawezi kupigilia hata msumari. Lakini mmoja wetu akitia sahihi ya kuondoka, mafundi wana haki ya kuingia fleti yake na kuanza kuvunja. Na fleti moja ikishavunjwa ukuta, mabomba yakakatwa, hizo nyingine tisa zitakalika vipi? Kwa hiyo ni sote au hakuna.

Basi nilizunguka mlango kwa mlango kuuliza watu wanataka nini. Wote wamesema hawatoki. Jana tukasimama ngazini, mtu mmoja kwa kila mlango, tukashika reli ya chuma na kula kiapo kwamba hakuna atakayetia sahihi. Kwa mlango wetu nilishika mimi. Wamenifanya msemaji wao, na usicheke, nimefurahi. Nimekuwa mtu wa kufunga vitabu vya wengine miaka yote hii, leo watu wazima wananisubiri nifungue mdomo.

Kuna moja tu. Tangu Baba afariki, mkataba wetu una jina lako. Tabasamu akikuandikia, karatasi yake pangusia mafuta ya mashine. Mama ameishi humu tangu wewe hujazaliwa, ukimhamisha leo utamuua.

Anakusalimu.

Dada yako


Tarehe 27 Februari

Dada, shikamoo. Na Mama mwambie namwamkia.

Mimi mzima. Jenereta kubwa ilitusumbua wiki nzima, inakohoa kama mzee anayetaka apewe kiti. Nimeifungua yote nikakuta tatizo ni kichujio kidogo kuliko kidole. Mpishi wa kambi yetu ya kazi anaumwa meno, kwa hiyo kila kitu kinapikwa laini, tunakula kama vibogoyo wenzake.

Nimesoma habari ya ngazi. Hongera kwa usemaji. Nilijua siku moja watu watagundua kwamba unapenda kusema.

Hebu nijibu haya. Goti la Mama lilipimwa lini mara ya mwisho? Siku hizi anashuka ngazi mara ngapi? Huko Tabasamu anakosema atawatafutia ni wapi, na ni juu au chini? Nauliza tu, usipandishe hasira.

Kambi imeniongezea mwaka mwingine. Nilitaka kukuambia mapema.

Mdogo wako


Tarehe 18 Machi

Mdogo wangu,

Tumepokea salamu zako, na Mama amefurahi kusikia unakula laini, anasema labda utapona tumbo. Yeye hajambo. Mimi nina mafua ya vumbi la karatasi.

Mwaka mwingine tena? Kila mwaka unasema ni wa mwisho. Haya.

Na maswali gani hayo unayoniuliza, juu au chini? Unaongea kama dalali. Mama hashuki kwa sababu hana haja ya kushuka. Ninamletea kila kitu. Maji, mboga, dawa, mpaka uzi wa kufuma nampandishia mimi ghorofa nne, na lifti ilikufa wewe ukiwa bado shule. Tulitaka kumbeba siku ile ya mazishi ya shoga yake, yule mama aliyekuwa akiuza vitambaa nyuma ya soko, ambaye walikuwa wakicheka pamoja mpaka majirani wanagonga ukuta. Amefariki mwezi huu. Kinyozi wa ghorofa ya tatu alijitolea kumshusha mgongoni. Mama akakataa katakata. Basi nikaenda mimi kwa niaba yake, nikazika, nikarudi nikamsimulia. Alisikiliza vizuri, hakulia hata kidogo.

Vita vimeanza kweli. Kwanza taa za ngazi ziliondolewa, ati zinatengenezwa. Halafu pampu ya maji ikanyamaza. Tabasamu akaja na uso wake ule ule kutuambia fundi hapatikani. Tukachanga spana. Kinyozi, Kengele na mimi tukashuka kwenye chumba cha pampu, tukaifungua kwa kufuata maneno uliyomwambia Baba zamani kuhusu kichujio, na jioni maji yakapanda. Watu walipiga makofi kila ghorofa. Ungekuwepo ungejiona mtu.

Zamu ya ndoo pia tumeirudisha. Unakumbuka? Ukikuta ndoo na brashi mlangoni pako asubuhi, leo ngazi ni yako, osha kuanzia juu mpaka chini kisha iache kwa anayefuata. Miaka ya karibuni ilikuwa imelala. Sasa hakuna anayeiruka, hata yule mwanafunzi wa chuo ambaye hajui kukamua kitambaa. Ngazi yetu inang'aa kuliko ya mbele wanakolipa zaidi.

Nijibu upesi. Umepata karatasi yoyote kutoka kwa Tabasamu? Hilo hukuligusia.

Dada yako


Tarehe 2 Mei

Mdogo wangu,

Sijui kama u mzima. Gari la mahitaji limepita mara kadhaa bila barua yako, na simu yako haipatikani. Mama anasema mwache, ana kazi. Mama amekuwa mpole siku hizi kiasi kwamba ninamwogopa. Anasema ndiyo kwa kila kitu.

Nimefikwa na jambo na sina wa kumwambia. Wiki iliyopita Tabasamu alikuja na mafundi wawili wakapima ukuta wa nje. Nikamuuliza anapima nini wakati hakuna aliyehama. Akanijibu taratibu, mbele ya kila mtu:

"Dada, mmoja wenu ameshatia sahihi. Funguo zitakabidhiwa mwisho wa Juni. Jina sitasema, tumeahidi siri."

Usione watu wanasema tu damu kuganda, nimeijua siku hiyo. Kuanzia dakika ile hakuna aliyemwangalia mwenzake usoni. Mwanafunzi alidhani ni kinyozi kwa sababu halali hapa kila siku. Kinyozi alidhani ni mwanafunzi. Kengele alikaa ngazini ameshika tama.

Mimi nilijua ni nani. Fundi cherehani wa chini. Tabasamu ameonekana akiingia kwake, si mara moja, na mfuko mkononi. Tena tangu Machi alikuwa akipanda mpaka kwetu mimi nikiwa kazini, ati anampima Mama gauni. Gauni gani linalopimwa mara zote hizo na halishonwi? Nikaona anamlainisha Mama ili nasi tulegee.

Nikaita kikao pale pale mlangoni kwake. Sikuficha.

"Fundi, tuambie wenyewe tusikie. Umetia sahihi?"

"Sijatia."

"Tabasamu anafuata nini kwako?"

"Suruali. Anaongezeka tumbo."

Watu wakacheka, nikaona ananizidi kete. Nikamuuliza, "Na kwangu ulikuwa ukipanda kufuata nini?"

Alikuwa na sindano mdomoni. Akaitoa, akasema, "Kamuulize mama yako."

Nikamwambia asithubutu kumwingiza mama yangu katika uchafu wake. Nilisema na mengine. Akaingia ndani akafunga mlango. Tangu siku hiyo ndoo inaruka mlango wake, na hakuna anayempelekea hata kitufe. Watu wananiambia nimefanya vizuri, na mimi nawaamini, ila nikipita pale asubuhi sisikii tena cherehani, na roho yangu haitulii.

Nilipomweleza Mama, aliinuka akaenda kulala mchana kweupe.

Niandikie. Nina mzigo mkubwa kuliko mabega yangu.

Dada yako


Tarehe 15 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara mbili. Samahani kwa ukimya, kulikuwa na kazi.

Mwache fundi cherehani. Si yeye. Mwombe radhi mbele ya watu wale wale, na ndoo irudi mlangoni kwake kesho asubuhi. Usiniulize ninajuaje. Fanya hivyo kwanza, tafadhali, halafu tutazungumza.

Mama anakula? Niambie ukweli, si ule wa kunifurahisha.

Mdogo wako


Tarehe 29 Mei

Leo hakuna salamu.

Barua yako ilinifika kazini. Niliisoma nimesimama kwenye mashine ya kukata, na msimamizi akanitoa pale kabla sijajikata mkono. Nikamwomba ruhusa. Nikaenda moja kwa moja mpaka ofisini kwa Tabasamu, sikugonga. Nikamwambia, "Nionyeshe sahihi hiyo au nalala hapa juu ya meza yako." Akafungua kabati, akaigeuza karatasi upande wangu. Nafikiri alifurahi kunionyesha.

Ni mwandiko wako. Ile herufi ya kwanza unayoizungusha kama waya. Baba alikuchapa sana uache, hukuacha.

Tarehe ni ya Aprili. Wiki kadhaa kabla hajatuambia. Ina maana mimi niliposimama pale nikimmwagia mwanamke wa watu matope, sahihi ilikuwa ya mlango wetu. Mimi, msemaji. Niliyeshika reli.

Ulinifanya nini, wewe? Hata kama umetuchoka, hata kama umeamua kuoa jenereta na kuzaa nazo, ungesema. Tuna watu wamezaa humu. Kengele hana kwingine, pensheni yake inaishia kwenye dawa. Umewauza wote kwa kalamu moja, na kunipa kisogo juu yake.

Sijamwambia mtu. Nashuka na kupanda ngazi nikiwaangalia viatu.

Unijibu. Usiniulize kuhusu goti.


Tarehe 11 Juni

Dada yangu,

Shikamoo, hata kama huitaki.

Ni kweli. Nilitia sahihi mimi. Tabasamu aliniandikia tangu Februari, kabla hata ya barua yako ya kwanza. Nikaiweka karatasi chini ya godoro bila kuijaza, na ndiyo maana nilikuuliza kuhusu juu na chini. Alikuwa ananiahidi nyumba ya chini kabisa, mlango unatazama barabara, hakuna hata ngazi moja ya kupanda. Aprili niliijaza nikaituma.

Kwa nini niliijaza Aprili na si Februari, hilo halinipasi mimi kulisema. Nimeahidi. Unaweza kunitukana mpaka mwisho wa mwaka, nimejiandaa.

Lakini nimefanya jambo jingine. Nimemuuliza mhandisi wa hapa anayejua mambo ya mikataba. Mpaka siku ya kukabidhi funguo, aliyetia sahihi anaweza kujitoa kwa maandishi. Ndani ya bahasha hii kuna barua yangu ya kujitoa, nimeshaitia sahihi, mhandisi ameshuhudia. Ukiifikisha kwa Tabasamu kabla ya mwisho wa Juni, ile ya Aprili imekufa na ngazi yenu iko salama.

Ningeweza kuituma moja kwa moja kwake. Nimeiweka mikononi mwako kwa sababu moja. Kabla hujaipeleka, kaa na Mama, nyinyi wawili tu, mlango umefungwa. Muulize anataka kukaa au kuhama. Muulize kama ulivyowauliza wale wengine, kisha usikilize mpaka amalize. Akisema anataka kubaki, ipeleke siku hiyo hiyo na mimi sitafungua mdomo tena. Akisema jingine, utajua mwenyewe la kufanya, maana mimi niko mbali na nilishakosea mara moja.

Usimlaumu. Nakuomba hilo tu.

Mdogo wako


Tarehe 24 Juni

Mdogo wangu,

Habari za huko. Sisi huku tuko hai. Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana, kwa hiyo ukiona nimeruka mambo vumilia.

Nilikaa na bahasha yako mfukoni siku mbili kabla sijamuuliza. Niliogopa, sikufichi. Nilimkuta dirishani kama kawaida. Nikafunga mlango, nikavuta kiti.

"Mama, unataka kukaa hapa au unataka kuhama?"

Hakugeuka. "Nani kakwambia uniulize?"

"Mwanao."

"Ndiyo maana."

Nikasubiri. Wewe ulisema nisikilize mpaka amalize, na unajua jinsi ninavyopata taabu.

"Ulizunguka ngazi nzima," akasema. "Mpaka kinyozi anayelala hapa siku mbili kwa wiki, ulimuuliza. Mimi nilikuwa hapa, nakusikia unagonga kwa jirani. Nikasema, sasa anakuja kwangu. Nikajiweka sawa, nikakusubiri. Ukaingia, ukanawa mikono, ukaniambia mmeshakubaliana wote."

Nikasogeza kiti karibu naye. Akaendelea.

"Shoga yangu alipozikwa, gari lilipita pale chini, kwenye kona ile. Nililiona paa lake. Hivyo ndivyo nilivyomzika, nikiwa dirishani."

"Tungekubeba, Mama."

"Nibebwe na kinyozi kama kabati, watu wanaangalia? Mimi nataka kwenda sokoni kwa miguu yangu. Nigombane na muuza nyanya. Nipotee kidogo, nirudi nikitaka."

Siku ya mazishi, nilipokuwa makaburini, ndiyo siku fundi cherehani alipanda kumpa pole. Mama akamwomba simu. Hukupatikana. Akakupigia siku nyingine, na nyingine, ndiyo zile safari za gauni, mpaka siku moja gari likawa limekuleta mjini na ukapokea, akakuomba utie sahihi. Akamwapisha fundi asiseme. Na fundi hakusema, hata mimi nilipokuwa nikimvua nguo mbele ya ngazi nzima.

Nikamuuliza Mama kwa nini hakuniambia mimi, niliyekuwa nalala naye chumba kimoja.

"Ulikuwa na furaha," akasema. "Tangu baba yako afe sijakuona namna ile. Unapanda ngazi unaimba. Ningekuambiaje?"

Nililia, mdogo wangu. Nililia kama mtoto na yeye akaniacha nilie.

Kisha akasema barua ipelekwe. Akasema hawezi kutoka kwa kuwatoa watu wa milango tisa, alipokuomba hakujua habari ya mafundi na kuta, hakuna aliyemwelezea mkataba. Ni kweli. Niliwaelezea wote, yeye nilimpa matokeo.

Nikashuka nikawaita. Safari hii nilisimama ngazi ya chini kabisa, nikasema sahihi ilikuwa ya mlango wetu, na kwamba fundi alikuwa msafi tangu mwanzo. Kengele alivua miwani akaipangusa mpaka nikadhani itavunjika. Mwanafunzi alisema, "Na sisi tulimsusia mtu bure." Hakuna aliyeniambia neno baya. Kesho yake ndoo iliruka mlango wetu, ikaenda ikakaa kwa fundi. Nilistahili.

Nilikwenda kwake kumwomba radhi peke yangu pia. Hakusimamisha mashine mpaka amalize mshono. Akasema, "Nilinyamaza kwa ajili ya mama yako. Wewe sina la kukuambia leo." Na mimi kwa uso wangu mkavu nikamuuliza kama tungeweza kubadilishana fleti, yeye juu sisi chini. Aliniangalia kama mtu aliyeona kioja. Akasema hapana, wateja wake hawapandi ngazi, na magoti yake si chuma. Ana haki.

Barua yako niliipeleka Ijumaa. Tabasamu aliisoma, akaigonga mhuri, akatabasamu vile vile. Nadhani ndivyo uso wake ulivyotengenezwa. Ngazi ya nyuma imesimama, kwa sasa.

Lakini Mama harudi tena kwenye dirisha lile. Nimepata chumba na jiko nyuma ya kiwanda chetu, sakafu iko sawa na barabara. Kidogo, dari imeingia ukungu, ila mlango anaufungua mwenyewe. Jumamosi alishuka. Alikataa mikono yetu yote. Alikaa kitako kwenye kila ngazi, akajisogeza, akapumzika, akajisogeza tena, mchana mzima, na majirani wamesimama milangoni bila kujua waangalie wapi. Alipofika chini fundi alikuwa ameshamtolea kigoda. Leo asubuhi ametoka peke yake. Nilikaa nikimsubiri huku nimekunja ngumi, na aliporudi alikuwa amekasirika, nyanya zimepanda bei. Sijamsikia na hasira nzuri kama hiyo kwa muda mrefu.

Sasa nisikilize. Fleti bado ina jina lako, vitu vya Baba vimo, na ndani hakuna mtu. Ikikaa tupu mwezi mzima inarudi kwa mwenye nyumba, na tutakuwa tumewasaliti wale watu mara ya pili. Mimi siwezi kulala kule na kumwacha Mama huku. Goti lake bado ni goti, usiku anahitaji mtu.

Sitaki kusikia kambi imesema nini. Nakuuliza wewe unataka nini, na nitapokea jibu lolote, hata lile la kuniumiza. Ila liwe jibu.

Mama anakusalimu. Anasema ukiandika, uandike kwa anwani ya chini.

Dada yako


Tarehe 5 Julai

Dada yangu, shikamoo. Mama pia, popote alipo muda huu, maana sasa sijui tena.

Kuna jambo sikuliandika mara ile. Kambi haijawahi kunizuia. Kila mwaka walikuwa wakiniuliza kama nataka kuendelea, na kila mwaka mimi ndiye niliyesema ndiyo. Nilizoea kuwa mtu wa kutuma pesa na kuulizwa maswali kwa barua. Huku hakuna anayenihitaji isipokuwa mashine, na mashine haikai dirishani kunisubiri. Nilitia sahihi kwa sababu Mama aliniomba, huo ni ukweli. Lakini nilipokuwa naitia nilihisi nafuu nyingine kabisa, kwamba fleti ikishaondoka, hakuna tena mahali ambapo mtu angeniambia nirudi. Nimeona aibu kuijua nafsi yangu namna hiyo.

Nimemfundisha kijana mmoja kuwasha jenereta kubwa, nimemwonyesha na kichujio. Msimamizi amenuna, atazoea.

Mwambie Kengele mlango wetu utakuwa na mtu. Gari la mahitaji linaondoka Alhamisi. Usinijibu barua hii, haitanikuta.

Mdogo wako